Mkunga Aliyemsubiri Mkunga

Mtu mmoja alikuwa na zahanati milimani Upare, na watu aliowahudumia walikaa mbalimbali, huyu juu, yule bondeni. Akamwita fundi wa kompyuta, jina lake Senkondo, amtengenezee mfumo wa kutumia kwa simu: mjamzito aingie aombe mkunga, na mkunga aingie aone nani anamhitaji. Senkondo akaujenga kwa moyo wote. Lango likawa moja, kila mtu na neno lake la siri, na asiyejulikana hapiti. Akaujaribu mara nyingi, na kila mara aliingia kama mjamzito. Ukamkubali. Akashukuru, akalala usingizi mnono.

Lakini ndugu zangu, kumjua mtu jina siyo kujua amekuja kufanya nini. Senkondo alisahau kuuambia mfumo kwamba waingiao si wa aina moja. Yeyote aliyepita langoni alipelekwa ukurasa uleule.

Siku ya kwanza, saa tano asubuhi, Nakijwa akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Akaingia, akaomba. Kule bondeni Bi Namkunda, mkunga wa miaka thelathini, naye akaingia, tayari kutumwa. Simu ikamwambia atulie nyumbani, mkunga yuko njiani. Msicheke! Mama wa watu alikuwa mtiifu. Alidhani mwenzake anakuja kumpitia waende pamoja. Akafunga mkoba wake wa kazi, akaketi kibarazani. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili, na huko juu Nakijwa alikuwa anaishiwa nguvu.

Mama mkwe wake akachoka kuitazama simu. Akashuka mlima mbio, akamkuta Namkunda ameketi, mkoba magotini. Akapaza sauti: "Mama weee! Mkunga tunayemngoja si ndiye wewe!"

Wakapanda mlima, hawakupumzika hata mara moja. Alasiri akazaliwa mtoto wa kike, na kilio chake kikasikika hadi kwa majirani.

Senkondo alipopata habari, aliondoka papo hapo. Akapanda mpaka kwa Nakijwa, akamkuta ananyonyesha, akataka kuomba radhi, machozi yakamtangulia. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru yule mama mkwe na mbio zake, na Namkunda ambaye hakumlaumu hata kidogo. Jioni ileile akaurekebisha mfumo: ukishamtambua mtu, utazame kwanza yeye ni nani hapa, ndipo umpeleke panapomhusu, mjamzito kwake, mkunga kwake, mwenye zahanati kwake. Mpaka leo kila akiufungua husema asante, kwa sauti, hata akiwa peke yake.

Nasi Mungu alishatufungulia lango, majina yetu anayajua, na kila mmoja ana kazi aliyoitiwa. Je, wewe uliyeketi kibarazani na mkoba magotini, unamsubiri nani?