Beberu wa Kijapani

Sogea, ila usicheke kabla sijamaliza. Mwinjaka, yule tajiri wa mbao, kamuuzia shoga yangu Siwatu gari lenye usukani wa trekta, na kiti cha nyuma kochi la sebuleni. Siwatu akaenda nalo kwa balozi wa mtaa kudai pesa yake, Mwinjaka akaitwa.

“Vyote vilivyomo vimetoka nalo kiwandani Japani,” Mwinjaka akasema. “Mimi sijaongeza hata msumari.”

“Utaapa, shemeji?” Siwatu akauliza.

Akaapa, mkono juu ya boneti.

“Basi nimeridhika,” Siwatu akasema, akafungua buti. Beberu akachungulia.

“Huyo wangu, wa harusi ya binti yangu leo, katoweka zizini alfajiri!” Mwinjaka akaruka.

“Umemfananisha,” balozi akasema. “Huyu Mjapani.”

Na kwa Mwinjaka wageni washafika, sufuria ziko motoni. Mwinjaka akarudisha pesa yote, akaondoka na gari lake, beberu kakaa kwenye kochi.