Vinundu vya Mwendapole

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji, na kijijini alikaa bibi kizee, Bi Siwema. Mume alikuwa amefariki. Mtoto hakujaliwa. Aliyebaki naye nyumbani ni kinyonga, jina lake Mwendapole. Ndiyo, kinyonga! Usikunje uso, wewe uliyekaa nyuma. Wengine wanafuga paka, yeye alifuga kinyonga.

Mwendapole alikaa kwenye ua wa michongoma, karibu na mlango. Nzi akipita, fyat! Ulimi umetoka, nzi hayupo. Asubuhi Bi Siwema humnyooshea mkono, akamwimbia:

*Mwendapole, nyanyua mguu,*
*tua mguu, tutafika.*

Naye hunyanyua mguu. Huyumba, nde-e-e. Hutua. Huyumba tena, nde-e-e, mpaka begani, akajibanza shingoni mwa bibi.

Miaka ikapita, kinyonga akazeeka. Ngozi ikapauka, rangi zikawa zinachelewa kuja. Kisha vikamwota vinundu. Kimoja ubavuni, kingine kichwani, vingine mgongoni, vigumu kama punje za mahindi. Bi Siwema hakumtupa. Alichovya pamba katika maji ya uvuguvugu, akamfuta taratibu kila asubuhi. Siku nyingine alimfuta huku analia, maana alijua mwenziwe hana siku nyingi.

Basi maneno yakaanza. Maneno hayana miguu, lakini kukimbia yanajua. Kisimani, shambani, jikoni: "Kinyonga wa Bi Siwema ana ndui! Atatumaliza!" Aliyepiga kelele kuliko wote ni jirani yake, Mzee Mkumbwa. Huyu bwana, jua liwake mpaka mbwa waheme, yeye na kitambaa shingoni. Kishikeni kitambaa hicho, msikisahau.

Ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Watu wakajaa kiwanjani kwa Jumbe. Bi Siwema akaja na Mwendapole begani. Mzee Mkumbwa akaja amefumba ngumi, na ndani ya ngumi mna ugoro. Mnajua ugoro kwa kinyonga? Mtie kidogo tu mdomoni, hana maisha.

"Afe leo!" akasema Mkumbwa. "Kiumbe mwenye mavinundu yale si wa kukaa na watu."

"Afe!" watu wakaitikia.

Bi Siwema hakupandisha sauti. "Baba Jumbe, mtu akitaka kusema mbuzi wa mwenziwe ni mgonjwa, mila yetu inamtaka afanye nini kwanza?"

Jumbe akakuna kichwa. "Amshike, mama. Asiyeshika hahukumu."

"Basi na wamshike Mwendapole. Atakayemshika kisha akasema afe, sitambishia."

Loo! Wale wa "afe" wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mmoja ana mtoto mchanga. Mwingine mkono umemteguka, tangu sasa hivi! Wakamsukuma Mkumbwa mbele. "Wewe ndiye mwenye neno, mzee."

Mkumbwa akanyoosha ngumi.

"Fungua mkono, baba," akasema Bi Siwema. "Kinyonga hapokewi kwa ngumi."

Akafungua. Ugoro ukamwagika mchangani.

*Mwendapole, nyanyua mguu,*
*tua mguu, tutafika.*

Mwendapole akanyanyua mguu. Nde-e-e. Kiganjani. Nde-e-e. Kiwikoni. Watu wamebana pumzi. Nde-e-e. Begani. Akaitafuta shingo, maana shingoni ndiko alikozoea. Vidole vyake vikakamata kitambaa. Kitambaa kikalegea, kikaanguka.

Nundu! Shingoni mwa Mkumbwa, kubwa kama ndimu!

Watu wakarudi nyuma. Mkumbwa akaifunika kwa kiganja. "Msinitazame," akasema. "Nilitaka afe upesi, habari za vinundu ziishe, kabla hamjanigeukia mimi. Hata mke wangu nimemficha."

Watu walirudi nyuma, Bi Siwema akasogea mbele. Akakiondoa kile kiganja polepole, akaishika nundu mbele ya wote.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Inauma?"

"Haiumi, mama. Kuificha ndiko kunakouma."

"Basi kesho njoo. Maji ya uvuguvugu yatatutosha sote."

Mkumbwa akalia kama mtoto, kinyonga shingoni. Hakuna aliyesema afe tena.

Mnauliza nundu iliondoka? Haikuondoka. Siwadanganyi. Lakini kila asubuhi Mkumbwa alikwenda, na mkewe akaenda naye, wakakaa na Bi Siwema pale kwenye ua, wakifutana na kuteta kama wazee wote. Mwendapole aliishi mpaka mtama ukavunwa. Kisha asubuhi moja aliimbiwa, hakunyanyua mguu.

Aliyemchimbia kaburi ni Mkumbwa. Alichimba jua la mchana, shingo wazi, na watu wanapita.

Bi Siwema naye alikwenda zamani. Lakini mpaka leo kijijini kwao, ukianza kusema mwili wa mwenzio, utaambiwa, "Umemshika?" Nanyi mnaocheka makovu na chunjua za watu, nawaona. Hujafa hujaumbika.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye ua wa michongoma. Haya, nipeni maji, koo limekauka.