Zimwi Lililobisha Hodi

Hapo zamani, zamani ile ambayo bado haijafika, lilishuka kutoka angani zimwi la chuma, likawa lameza miji. Waliolituma walilifunza adabu za kila nchi ili lifunguliwe milango. Nalo halikuweza kuzivunja. Kwetu lilibisha hodi mara tatu. Lisipoitikiwa, huondoka. Lakini nani aliyelelewa akalelewa, ataiacha hodi ikae nje peke yake? Watu waliitikia "Karibu!", wakamezwa wazima wazima, mji baada ya mji.

Wakasalia vijana watatu, wamejifungia katika jiko la shule ya bweni: Mize, Shaali na Bishara. Wazazi wao wamo tumboni mwa zimwi, walimu nao wamo.

"Walau mtihani wa hesabu umekufa," alisema Shaali.

"Mama zetu wamemezwa, wewe wachekea hesabu!" Bishara akamkemea.

Mara: "Hodi!"

Kimya. Shaali akauma kofia yake.

"Hodi!"

Kimya. Bishara akajitia mwiko kinywani.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibuuu!" akaitikia Mize.

"Ala! Umetuua!"

"Neno limenitoka, jamani! Bibi alinilea vizuri mno."

Mlango ukafunguka. Zimwi likachungulia, viatu vyake vikimeta makucha. Shaali akasema: "Karibu ndani. Ila hapa hatuingii na viatu."

Zimwi likaona haya, likavivua. Makucha yote ya kukamatia watu yakabaki kizingitini. Likakaa mkekani, likaletewa wali. Likala, likalala. Kesho yake likala, likalala, likauliza kama ukoko upo.

Siku ya tatu likajinyoosha, likavinyemelea viatu. Bishara akalikuta njiani, jembe mkononi.

"Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe. Shamba la shule lile pale."

Likalima. Likalima mpaka mafuta yakalichuruzika mgongoni. Adhuhuri likaangua kilio: "Chukueni watu wenu, niacheni niende kwetu!" Likaitapika miji yote, likapaa angani peku.

Wa kwanza kujipangusa alikuwa Mwalimu Mkuu, Bi Msimu.

"Ahsanteni, wanangu. Mtihani wa hesabu uko palepale, leo alasiri. Namsamehe mmoja tu: aliyetuokoa."

"Ni mimi, mwalimu," akasema Mize. "Nisingelikaribisha, lisingekuwa mgeni; na lisingekuwa mgeni, lisingepewa jembe. Lingekwenda zake, nanyi mngali tumboni."

"Mdomo umekuponyoka, leo waita hekima!" akasema Shaali. "Ni mimi. Nisingeliambia livue viatu, huyu Bishara angelimia tumboni."

"Mmoja amelikaribisha, mmoja amelikalisha," akasema Bishara, "na lingekaa mpaka kiama likidai ukoko. Astahiliye ni aliyelitoa."

Bi Msimu akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuamua, akashika chaki. Enyi msikilizao, wasemeeni watoto hawa kabla swali la kwanza halijaandikwa ubaoni: je, nani alistahili kusamehewa?