Njia Juu ya Zulia la Bibi Zaituni

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, ila zamani ile ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa lakini hamjaanza kusikiliza, palikuwa na mji wa mlimani wenye baridi na udongo mwekundu. Udongo ule haukubisha hodi. Uliingia na viatu, uliingia na kuku, uliingia na upepo, na ukishaingia ulijichimbia kwenye mazulia ya watu. Ndiyo maana Bi Azimina, mfua mazulia, hakuwahi kukosa kazi.

Bi Azimina alikuwa mwanamke wa kukagua. Akikunja taulo, alilikunjua tena atazame kama amelikunja sawa. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma. Wateja walimpenda kwa tabia hiyo, ila yeye mwenyewe ilimnyima raha. Mwaka huo viungo vya mikono yake vikaanza kuvimba, brashi ikawa nzito, na daktari akamwambia apumzike. Akaona hana budi kumtafuta mtu wa kumwachia stoo. Mtu mmoja tu, maana kazi ile iliweza kulisha wawili, na wa tatu angekula hewa.

Wakaja watatu.

Wa kwanza alikuwa Melania, aliyefanya kazi kwa fundi cherehani hadi fundi alipohama mji. Wa pili alikuwa Singano, mtu wa mabega, muosha malori. Wa tatu alikuwa Tausi, mpole, ambaye kwa miaka mingi alimuuguza shangazi yake, na shangazi alipofariki akajikuta hana kazi ya kutaja wala pa kwenda asubuhi.

Bi Azimina akawasimamisha mbele ya stoo.

"Wanangu, nguvu sitafuti. Namtafuta mtu ambaye mimi nikiwa nimelala nyumbani na mikono yangu hii, yeye atafungua mlango huu, ataingia, na atatoka na kitu kinachofaa. Zulia litakalokuja kwanza ndilo litakaloamua."

"Na wawili watakaokosa, Mama?" akauliza Singano.

"Watakunywa chai, tutaagana vizuri."

"Chai ya maziwa?"

"Ya rangi. Maziwa ni ya mwenye kazi."

Stoo ilikuwa na vitu vinne. Kulikuwa na mashine kubwa ya brashi moja ya duara, nzito, inayozunguka kama jiwe la kusagia. Kulikuwa na mashine ndogo ya brashi mbili ndefu zilizolala bega kwa bega, moja ikizunguka huku, nyingine ikizunguka kule. Kulikuwa na brashi ya mkono ya nywele za farasi, laini. Na kulikuwa na reki ya mpini mrefu, meno yake butu, ya kulazia manyoya ya zulia yakishafuliwa. Vitu vinne, ufunguo mmoja.

Mvua ikanyesha, mitaro ikafurika, na zulia la kwanza likaja juu ya mkokoteni. Lililetwa na mwanamke aitwaye Saumu, mwenye haraka zake.

"Maji yameingia sebuleni kwa mama," akasema. "Mwenyewe yuko kwa dada yake, anarudi Ijumaa. Jumapili tuna wageni wa posa. Nataka mama akirudi alikute zulia lake kama jipya. Umenisikia, Bi Azimina? Kama jipya."

"Nimesikia. Kama jipya."

Akaondoka.

Wakalitandaza uani lianikwe. Jua lilipoyakausha matope, Tausi akavua ndara, akatembea juu yake pekupeku, polepole, kutoka ukingo huu hadi ule.

"Mtu wa hapa anapita njia moja tu," akasema.

"Kila mtu ana njia moja," Singano akacheka. "Kutoka kwenye kochi hadi kwenye chungu."

"Sikiliza, kaka. Manyoya yamelala kwa mstari mwembamba, haupindi hata kidogo hadi katikati. Anaburuta nyayo. Hapa katikati pana gamba gumu, na akilifikia anakata kona. Shangazi yangu alitembea hivi miaka yake ya mwisho."

Kila mtu alikuwa na zulia lake kichwani. Tausi akaomba uzi mweupe, akafunga vifundo kwenye matamvua, kimoja njia ilipoanzia, kimoja ilipoishia. Ile kona ya katikati akaipima kwa nyayo zake kutoka ukingoni, akaihifadhi kichwani.

Bi Azimina akalitazama zulia, akaitazama mikono yake, akaikumbuka Ijumaa.

"Toeni mashine ya duara," akaamuru. "Matope haya hayabembelezwi."

Singano akaanza kwenda. Melania akamshika mkono.

"Mama, kwanza niruhusu."

Akachomoa uzi mmoja pembeni, akauwashia kiberiti. Uzi haukuyeyuka kama nailoni. Ulisinyaa, ukanuka nywele zilizoungua.

"Hii ni sufu," akasema. Akalowesha kitambaa cheupe, akakibana juu ya pembe ya zulia, akakiinua. Kitambaa kilikuwa cha waridi. "Na inachuja. Hapa chini ya matope kuna maua, nadhani meupe. Tukiweka duara, sufu itasokotana kama kichwa kisichochanwa, na wekundu utaingia kwenye meupe. Ijumaa tutampelekea Bi Saumu blanketi."

Bi Azimina akakishika kile kitambaa. Alikuwa amezoea mazulia ya maofisi, yenye manyoya mafupi ya nailoni, ambayo duara hupita juu yake bila madhara. Yeye, anayekunjua taulo mara mbili, alikuwa amelitolea zulia la watu amri bila hata kuligusa.

"Asante, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Melania akaingia stoo. Akavipita vitu vyote, akatoka na brashi ya mkono. Akapiga magoti, akalisugua zulia likiwa kavu, pole kwa pole, na kweli, maua meupe yakaanza kujitokeza. Bi Azimina akashusha pumzi, akaenda kuswali.

Singano alibaki amesimama. Akainama, akaipiga ngumi ile sehemu iliyosafishwa. Pff! Vumbi jekundu likaruka.

"Dada, umemnawisha uso, masikio bado."

"Brashi haifiki chini zaidi ya hapo."

"Basi tusilifuate kutoka juu. Tuligeuze."

Singano akaingia stoo. Akavipita vitu vyote, akatoka na mashine ya brashi mbili.

"Wewe!" Melania akaruka. "Si nimesema mashine italiua?"

"Umesema ya duara, na umesema usoni. Mimi naenda mgongoni, tena pakiwa pakavu. Brashi hizi hazisokoti, moja inasukuma huku, mwenzake anarudisha. Linatikisika tu."

"Msubiri Mama."

"Mama anaswali. Mvua haiswali, ona wingu lile."

Wakaligeuza kifudifudi, akaiwasha. Zulia likatetemeka mgongo mzima. Laiti kitambaa cha mgongoni kingekuwa kimeoza, lingepasuka vipande pale pale, na Singano hakuwa amekikagua vizuri. Halikupasuka. Walipoliinua, ardhini palibaki lundo la udongo kama kichuguu, na zulia lilikuwa jepesi hadi Melania akacheka bila kutaka. Singano hakuishia hapo. Aliichukua ile brashi ya mkono, akachanganya maji baridi na sabuni nyororo, akalifua zulia lote kwa magoti, akifuata manyoya yanapolala, huku Melania akimfuata nyuma kwa mataulo makavu ili rangi isipate nafasi ya kutembea. Akalikuta lile gamba gumu la katikati, pana kama kiganja. Melania angelipita. Singano hakulipita. Alilikwangua kwa kijiko cha moto na karatasi hadi likaisha.

Zulia likasimama manyoya yote, jekundu, jeupe, kama jipya.

Hapo Tausi akaingia stoo. Akavipita vitu vyote, akatoka na reki. Akayalaza manyoya yote kuelekea upande mmoja. Kisha akatafuta vifundo vyake kwenye matamvua, akahesabu nyayo, na kutoka kifundo hadi kifundo akayalaza manyoya kinyume, mstari mwembamba wenye kona katikati.

Bi Azimina akasimama nyuma yake.

"Tausi, mteja kasema kama jipya."

"Nimesikia, Mama."

"Zulia jipya lina njia?"

"Halina."

"Basi?"

"Basi asiyeona atapita wapi?"

"Nani kakwambia mwenye zulia haoni?"

"Hakuna aliyeniambia. Shangazi yangu naye alikuwa haoni, na zulia lake lilikuwa na njia kama hii."

Bi Azimina akanyoosha mkono aichukue reki. Mkono ukabaki hewani. Kama Tausi amekosea, Saumu atalirudisha zulia na mji mzima utajua. Kama Tausi yuko sahihi, je? Akaushusha mkono. Zulia likakauka na njia yake.

Ijumaa wakalipeleka, wote wanne. Vifundo vya Tausi ndivyo vilivyowaonyesha ukingo wa mlangoni. Ndipo Bibi Zaituni, mama yake Saumu, alipoingia, kashika fimbo, kamshika binti yake bega, na macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, Bibi," wakasema.

"Marahaba. Mbona mko wengi hivyo? Mmekuja kunizika?"

Akamwachia Saumu bega. Akavua viatu. Akaweka fimbo ukutani. Unyayo wake ukagusa ukingo wa zulia, ukapapasa kidogo kulia, ukatulia. Kisha Bibi Zaituni akaanza kutembea, bila kushika ukuta, akiburuta nyayo juu ya ule mstari.

Alipofika katikati, akasimama. Vidole vya mguu vikatafuta. Vikatafuta tena. Akasogea hatua moja zaidi, na goti likagonga meza ndogo, kikombe kikaanguka.

"Nani kaniibia kona yangu?" akafoka.

"Kona gani, Mama?" Saumu akamkimbilia.

"Nta! Nilidondosha nta ya mshumaa pale, nijue pa kugeukia!"

"Makusudi? Miaka yote hii mimi naikwangua kwa kisu!"

"Ndiyo maana kila mara nilikuwa naidondosha upya."

Singano akatazama miguu yake. Bibi Zaituni akarudi hatua moja, akapapasa, akaihisi njia inavyopinda. Akageuka. Akakifikia kiti chake cha dirishani, akaketi.

"Nani kaiweka njia hii?" akauliza, na sasa sauti ilikuwa nyingine.

Saumu ndipo alipoiona.

"Mimi nauliza hivyo hivyo! Zulia linang'aa, mashaallah, maua haya sijawahi kuyajua kuwa meupe, nilidhani ni ya kahawia. Lakini hii njia ya mbuzi katikati ni ya nini? Bi Azimina, si nilikwambia kama jipya? Wageni wa posa wataona nini?"

"Wataona pa kupita," akasema Bibi Zaituni. "Iache."

"Mama, anayelipia kufua ni mimi."

"Na anayetembea ni mimi."

Wakawaacha mama na binti wakibishana, wakarudi. Mbele ya stoo Melania akawa wa kwanza kusema.

"Mama, samahani kwa nitakayosema. Bila mimi leo hakuna zulia. Hakuna la kufua wala la kupitishia njia. Amri yako mwenyewe ingeliua. Kuchagua kitu cha stoo kunaanza na kujua kisichofaa."

"Kweli, dada, lingekuwa zima," akasema Singano. "Zima na chafu. Uliridhika uso ulipong'aa. Nani anampelekea mfuaji zulia ili abaki nalo kama lilivyo? Bi Saumu alitaka lisafike, na mimi ndiye niliyefikia chini."

"Kwa mashine uliyoiwasha bila ruhusa, juu ya mgongo usioukagua!"

"Si umestahimili?"

"Umebahatika."

"Na kona ya Bibi umeifua," akasema Tausi kwa upole.

"Ningejuaje? Kazi yangu ni kutoa uchafu, na ile ilikuwa nta. Na wewe umevunja neno la mteja kwa kukisia tu. Bibi angetembea mwezi mmoja, njia yake ingerudi yenyewe."

"Na huo mwezi angekaa wapi, mlangoni?" Tausi akasema. "Wenzangu mlilifua zulia. Mimi nilimfulia Bibi. Lingerudi zima, lingerudi safi, naye angesimama ukingoni asijue nyumba ni ya nani."

Bi Azimina akawasikiliza wote. Aliwaambia anamtafuta atakayeingia stoo na kutoka na kitu kinachofaa. Waliingia watatu, wakatoka na vitu vitatu, na kila kimoja kilifaa. Aliyekijua kisichofaa aliishia njiani. Aliyefika chini alibahatisha. Aliyeijua njia aliikaidi kauli ya mteja. Na yeye mwenyewe, mwenye ufunguo, ndiye pekee aliyechagua vibaya.

Akaufunga mlango wa stoo. Akarudi kuusukuma. Akatandika mkeka, akaleta birika na vikombe vitatu, akawamiminia chai ya rangi sawasawa. Kisha akaingia ndani, akatoka na maziwa. Yalikuwa ya kikombe kimoja. Akasimama nayo mbele yao, nao wakivitazama vikombe vyao, hakuna aliyethubutu kunywa.

Mimi nimemwachia hapo hapo amesimama, na chai inapoa. Hebu nyinyi mliokaa nisemeeni, maana mlilifua zulia lile pamoja nao tangu mwanzo: maziwa yale yalistahili kumiminwa kwenye kikombe cha nani?