Chungwa la Upande wa Kushoto

Hapo zamani, ile zamani ya karibu ambayo redio zilikuwapo tayari, aliishi kipa mmoja jina lake Shomvi. Alidaka mipira ujana wake wote. Lakini siku ya fainali alipigwa tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake, na mji mzima ukasahau yote aliyowahi kudaka. Wakamwita Karibu Ndani. Akienda sokoni, Karibu Ndani. Akienda harusini, Karibu Ndani.

Uzeeni akapatwa na kiharusi. Akapona, akatembea, akasema, ila upande wa kushoto wa dunia ulimpotea. Sikilizeni vizuri, maana hapa watu huchanganya: sikusema jicho la kushoto. Nimesema upande wa kushoto, kwa macho yote mawili. Akawa anajigonga milangoni.

Akaenda kwa Dk. Mwanakombo, daktari wa macho wa chuo. Dk. Mwanakombo akamulika, akapima, akamulika tena.

“Mzee, macho yako ni mazima kuliko yangu.”

“Basi tubadilishane, mwanangu, maana mimi sioni.”

Daktari mwingine angemwandikia miwani, akaita anayefuata. Dk. Mwanakombo hakumwachia. Akamwita Dk. Nsajigwa, daktari wa ubongo wa jengo la pili, naye akaja na machungwa, kwa sababu hakuwahi kuja mahali mikono mitupu.

“Dada, shika!” akasema, akamrushia Dk. Mwanakombo chungwa. Mzee Shomvi alikuwa amekaa katikati yao, chungwa likapita kushoto kwake. Mkono wake wa kushoto ukapaa, pa! Ukadaka.

“Mzee, umelionaje?”

“Nimeona nini?”

“Chungwa.”

“Chungwa gani?” Akageuza kichwa mpaka mkono ukaingia upande anaoona. Akashtuka. “Nani kaniwekea hili?”

Dk. Nsajigwa akarusha machungwa miaka mizima, ya polepole na ya kasi, mpaka akapata maelezo. Barabara kuu kutoka machoni kwenda nyuma ya ubongo imefungwa, alisema, lakini ipo njia ya panya. Habari inapita huko kimyakimya, inafika mkononi, na mwenyewe hana taarifa.

Wakaandika makala. Na kama ilivyo desturi ya watafiti, jina la mgonjwa likafichwa. Mzee Shomvi akaitwa Mgonjwa S.

Makala ikalala maktabani. Hakuna aliyeisoma, hakuna aliyeinukuu. Ndipo Profesa Rweikiza, wa chuo kingine, akaandika jibu: “Huu ni uongo mtupu. Mzee huyo anachungulia.”

Lo! Wataalamu wa macho wakaja kutazama ugomvi, wataalamu wa ubongo wakaja kuchochea. Waliokubali wakainukuu makala, waliopinga wakainukuu. Profesa mwenyewe akasafiri, akamfunga mzee shingo isigeuke, akarusha kwa mkono wake. Pa! Profesa akalichukua lile chungwa, akalimenya, akala lote mpaka mbegu.

Makala ikawa maarufu kuliko zote za chuo. Chuo kikajenga kliniki mpya ya macho na ubongo, na kanuni ikawa moja: juu ya mlango litaandikwa jina la mtu ambaye bila yeye jambo hili lisingejulikana. Jina moja tu. Ubao wa jina hilo moja ulikwisha kukatwa.

Siku ya kuandika, fundi wa rangi akapanda ngazi, wanne wakasimama chini, na mkuu wa chuo kando yao.

Dk. Mwanakombo akasema: “Bila mimi, mzee angerudi nyumbani na miwani.”

Dk. Nsajigwa akasema: “Bila mimi, lile lilikuwa chungwa tu. Ni mimi niliyesema kwa nini.”

Profesa Rweikiza akasema: “Bila mimi, mngekuwa mnasomwa na mchwa.”

“Wewe ulitutukana!” wakamwambia.

“Na nani mwingine aliwajali kiasi hicho?”

Mzee Shomvi akakohoa. “Wanangu, majina yenu yamekwisha kuvuka bahari. Langu hapa mjini ni Karibu Ndani. Dunia nzima inajua kuna mtu anadaka asichokiona, na haijui kwamba ni mimi. Nikifa leo, nitakufa na tobo.”

Mkuu wa chuo akasema kwa upole, “Mzee, kanuni zinakulinda. Jina la mgonjwa halitajwi.”

“Zinanilinda na nani? Na sifa?”

“Tena samahani, mzee,” akasema Profesa, “wewe hukugundua chochote. Hata hukujua kama umedaka. Ni mkono tu.”

“Mkono wa nani?”

Kabla hajajibiwa, fundi aliyekuwa amegeuka asikilize ugomvi akaligusa kopo la rangi kwa kiwiko. Kopo likaanguka upande wa kushoto wa mzee, likielekea moja kwa moja kichwani mwa Profesa. Pa! Mkono ukadaka. Rangi ikaruka, ikawachafua madaktari wote wawili na Profesa. Kichwa kikabaki kizima.

“Nimeshika nini?” akauliza mzee Shomvi. “Mbona kizito?”

Fundi akashuka ngazi, akachovya brashi katika rangi iliyobaki koponi, akawatazama. “Waheshimiwa, imebaki ya kuandikia jina moja. Niandike nani?”

Nami nawauliza ninyi, maana mimi nimelifikiria mpaka usingizi umenikimbia: aliyekataa kumwachia, aliyeeleza, aliyebisha, na aliyedaka bila kujua. Je, nani alistahili ubao ule?