Kitambaa Chini ya Chombo cha Kioo

Wapendwa, hebu wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo, niwape kisa cha mama mmoja na chombo chake cha maua. Alikuwa mama kama hawa walioketi upande huu, kitenge kimenyooshwa vizuri na neno liko tayari mdomoni. Msicheke, mnajijua.

Mama huyu alikuwa na chombo cha kioo, kizito, rangi ya majani mabichi, chenye viputo vidogo ndani kama vya maji yanayoanza kuchemka. Alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia nyumbani akiwa bibi harusi. Mama mkwe naye alizawadiwa na kwaya, na wanakwaya walikiokota tu mnadani, kwa hiyo aliyekitengeneza hakuna aliyemjua. Kilikaa juu ya kabati, karibu na dirisha. Jua la asubuhi likikipitia, ukuta wa sebule uligeuka kijani, na ile rangi ikawa inatembea polepole mpaka jua lipande.

Mama mkwe alipoona siku zake zimekaribia, alimwita.

"Mwanangu, nilipomzika mtoto wangu nilikuwa siwezi hata kunyanyuka kitandani. Ile rangi ukutani ndiyo iliyoniamsha. Nikawa najiambia, ngoja niione na kesho. Aliyefanya kazi ile sikuwahi kumshukuru. Ukimpata, mshukuru, na umwambie na mimi nashukuru."

"Nitamtafuta, mama."

Akasahau. Si ndivyo tulivyo? Tunaahidi machozi yakiwa machoni, na machozi yakikauka ahadi nayo inakauka.

Miaka ikapita, na yeye mwenyewe akaugua. Akatandikiwa sebuleni, na kila asubuhi, maumivu yakiwa yamemchosha, ile rangi ikamjia ukutani. Akawa anaingoja. Mungu akamsaidia, akapona, na siku alipoweza kusimama alikishika kile chombo kwa mikono miwili akalia. Ndipo ahadi ikamrudia. Je, kama fundi yule yu hai lakini ni mzee sana? Kama anakufa wiki hii, asante ya watu wawili itapelekwa wapi?

Akaanza kuuliza. Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akakigusa, akasema ni cha Italia. Jirani mmoja akasema hapana, uzito huu ni wa Kijerumani. Kwetu kitu kikiwa kizuri, lazima kiwe kimepanda meli. Mama wa watu akakata tamaa. Ulaya atafika lini, na akifika atamuuliza nani?

Wifi yake ndiye aliyekuja kumtembelea akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wifi, mafundi huweka alama zao chini. Umewahi kukigeuza?"

"Chini kuna kitambaa."

Sasa sikilizeni. Siku ileile ya kupewa, huyu mama, kwa mapenzi yake yote, alifuma kitambaa cheupe cha duara, akakigandisha kwa gundi chini ya chombo kisije kikakwaruzika. Kwa hiyo tangu siku ile hakuna mtu aliyeona kitako cha chombo kile. Alikitunza vizuri mpaka akamfunika aliyekitengeneza!

"Kibandue," wifi akasema.

"Kikipasuka je?"

"Tutakiloweka taratibu. Mbona unaogopa kujua?"

Wakakiloweka katika maji ya uvuguvugu. Kitambaa kikaachia kidogo kidogo, na chini yake ikatokea alama iliyogandamizwa kwenye kioo kikiwa bado laini: mistari mitatu, mfano wa unyayo wa kuku. Yule mama akakaa chini sakafuni. Alama hiyo aliijua! Iko chini ya glasi ndogo za Meza ya Bwana, zile ambazo yeye na akina mama wenzake huziosha kanisani na kuzifutafuta. Ameishika maisha yake yote.

Wakamwendea mzee wa kanisa. "Glasi zile? Za fundi mmoja ng'ambo ya mto, nyuma ya tanuri za matofali. Anayeyusha chupa zilizovunjika. Yupo, ila amezeeka."

Asubuhi yake mama akafunga chombo katika kanga, akavuka daraja. Akamkuta mzee ameketi mlangoni pa karakana, amezungukwa na marundo ya vioo. Kabla hajamaliza hodi, mzee akautazama ule mzigo.

"Karibu, mwanangu. Kimevunjika wapi?"

"Shikamoo, baba. Hakijavunjika."

"Marahaba. Basi kina ufa."

"Hakina ufa."

"Sasa umeniletea nini?"

Mama akafungua kanga, akakiweka mapajani mwa mzee. "Nimekileta ukione. Nimekuja kukushukuru, baba. Mimi na mama mkwe wangu, aliyekwisha tangulia." Akamweleza habari za ukuta, na mtoto aliyezikwa, na ugonjwa wake mwenyewe.

Mzee akakiweka kando taratibu. Akanyanyuka, akanawa mikono, akavaa shati, akamwita mkewe aje aone. Kisha akasema, "Tangu nimeanza kazi hii, watu wananiletea vipande. Wengine na hasira juu. Navipokea, ndiyo kazi yangu, navirudisha motoni. Lakini wewe ndiwe wa kwanza kuniletea kizima."

Wapendwa, sisi tunamletea nini Muumba wetu? Njia ya kwake tunaijua, tena tunaijua sana, lakini tunaipita tukiwa na vipande mikononi. Bwana, mguu wangu. Bwana, ndoa yangu. Bwana, mtoto huyu ananiua. Simkatazi mtu. Vileteni, anavipokea, na moto wake haujazimika. Ila niulize: ule mguu ulipokuwa unatembea, ulimpelekea? Yule mtoto alipokuwa analala vizuri, anakula na kucheka, ulimfungia katika kanga ukavuka naye daraja? Au ulimpenda mno, ukamfumia kitambaa, ukamsahau aliyeweka alama yake chini?

Una kitu kizima leo. Usiniambie huna. Pumzi hiyo unayovuta ni nzima. Aliyeketi kando yako, uliyezoea kumwona, ni mzima. Sasa tusimame tuombe, na katika maombi haya kila mmoja apeleke kimoja tu, kizima, bila kuomba kitu juu yake. Maana naona haya, ndugu zangu. Sitaki tupige hodi tena leo, naye akatutazama mikononi, kwa upole wake wote, akatuuliza, "Kimevunjika wapi?"