Sauti ya Bosi na Sinia la Pilau

Tapeli mmoja alitumia akili mnemba kuigiza sauti ya Bwana Mbaruku, tajiri wa magodoro, kisha akampigia simu Mwanakheri, mtunza ghala wake.

"Mpakilie dereva wangu magodoro yote. Upesi!"

"Sawa, bosi. Ila desturi yako unaijua: mzigo mkubwa hautoki hapa mpaka uwaletee wapakiaji pilau."

"Nisiijue vipi? Si mimi niliyeianzisha!"

Punde likaletwa sinia la pilau ya mbuzi, kachumbari pembeni. Watu wakala wakashiba.

Simu ikalia tena. "Mwanakheri! Mbona dereva bado anasubiri?"

"Niwie radhi, bosi. Nilikuwa nangoja ushibe. Umekaa hapa mbele yangu tangu asubuhi, na sasa hivi unalamba sinia."